Msumari wa Bwana Utamaduni

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio, nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na hapo ndipo shida zangu zilipoanza. Baba alikufa wakati wa kupalilia pamba. Kabla majani hayajaota kaburini, baba mdogo alikuja nyumbani kwetu, karibu na Usagara, akafungua zizi, akaswaga ng'ombe wote, akaniambia nikipata akili nitamshukuru. Mpaka leo akili hiyo sijaipata. Niliacha shule darasa la tatu, nikatembea kwa miguu mpaka Mwanza, nikalala kwenye baraza za maduka, nikabeba mizigo ya watu kichwani mpaka nikapata mkokoteni wangu mwenyewe. Nayasema haya mapema ili ujue anayesema ni nani. Hakuna mtu aliyenifundisha kutumia mwili wangu. Njaa ilinifundisha.

Sasa nitakueleza habari za mtu aliyelipwa mshahara na serikali ili afundishe watu kutumia miili yao. Jina lake silitaji. Wanawe wapo, watu wazima wenye heshima zao. Sisi wa Mabatini tulimwita Bwana Utamaduni, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yake: ngoma, mpira, mbio, mambo yote ambayo watu huyafanya wenyewe bila kuamriwa. Alikuwa mtu wa Bukoba, amesoma, Kiswahili chake kimenyooka kama mstari wa daftari. Na alikuwa mnene. Simtukani. Nasema kwa sababu huwezi kumwelewa mtu yule ukiliacha tumbo lake nje ya habari. Suti yake ya Kaunda ilifungwa vifungo vya juu tu. Vya chini vilikuwa vimekwisha kustaafu.

Alikaa nyumba ya juu kidogo, pale kilima kinapoanza mawe, na mimi nilipanga chumba nyuma yake. Kila alfajiri nilipita mlangoni kwake nikishuka kivukoni kupokea mizigo ya Sengerema: udaga wa muhogo, mananasi, viazi, dagaa. Siku moja nikamkuta amesimama nje. Juu amevaa suti ya Kaunda, chini raba nyeupe za turubai, kama mtu ambaye nusu yake inakwenda kazini na nusu nyingine inakwenda shule.

"Shikamoo, Bwana Utamaduni."

"Marahaba, kijana. Unashuka kivukoni?"

"Kila siku."

"Kila siku kabisa?"

"Tumbo nalo ni la kila siku, mzee."

"Vizuri. Basi tunakwenda wote."

"Una mzigo wa kuchukua?"

"Sina mzigo. Natembea."

Nikamtazama. Miaka ile mtu mzima kutembea bila sababu lilikuwa jambo la kuulizwa na mgambo. Akaona ninavyomtazama, akashusha sauti.

"Daktari amenipima. Nina sukari. Amesema nitembee kila siku ya Mungu, la sivyo wanangu watalelewa na ndugu."

Alikuwa na mabinti wanne, wa mwisho bado ananyonya. Kama angesema kingine chochote, kwamba anaumwa, kwamba anaogopa, ningempita. Lakini alisema ndugu. Mimi ndugu nawajua. Nikanyanyua mikono ya mkokoteni, nikamwambia, "Haya, usinizuie njia."

Akaja nyuma yangu, akaweka kidole kimoja kwenye ubao wa mkokoteni. Kidole kimoja, nakwambia. Hakusukuma. Alikiweka tu, kama mtu anayeshika pindo la kanzu ya padri. Na hivyo ndivyo alivyokwenda na mimi miaka yote ile, kushuka na mkokoteni mtupu na kurudi na uliojaa, mimi natokwa jasho na yeye anatokwa maneno.

Maneno yake yalikuwa mengi, lakini ukiyachuja unabaki na moja. "Kitu kipya hakisimami chenyewe, kijana. Kitundike kwenye msumari wa zamani." Alisema amejaribu kuamka peke yake kwa saa ya kengele, akawa anaizima usingizini. Alimwambia mkewe amwamshe, wakagombana. Akachora ratiba, akaibandika ukutani, mende wakaila kwa ajili ya gundi ya unga. Mwishowe akagundua kwamba kuna kitu kinachopita mlangoni kwake kila alfajiri bila kukosa, nacho kinapiga kelele kama nguruwe anayefungwa kamba. Magurudumu yangu.

"Wewe ndiye msumari wangu," akaniambia.

Ona dharau ya mtu aliyesoma. Mimi nimeamka na njaa, nimetafuta riziki, kumbe kwake yeye ni msumari.

Na hakuishia hapo. Siku moja aliniona nimechuchumaa nachungulia ekseli.

"Unafanya nini?"

"Nataka kutia grisi. Mkokoteni mkavu ni mzito."

"Usitie."

"Nisitie?"

"Ukitia grisi hautalia. Usipolia sitaamka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yaani mgongo wangu uumie ili yeye aamke! Nikamwambia mkokoteni ni wangu na grisi nitatia nikipenda. Sikutia. Grisi miaka ile ilikuwa adimu, kila mtu aliyeishi wakati ule anajua.

Mawazo kama yale hayakai kichwani mwa ofisa bila kumwagika juu ya watu. Alianza na foleni. Wewe uliyezaliwa juzi huijui foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, foleni, na mara nyingine unapanga foleni ndipo unauliza mbele kuna nini. Bwana Utamaduni akaona foleni ile ni msumari mkubwa ambao taifa zima limeuacha bila koti. Akasimama mbele ya duka la ushirika akatangaza: foleni ikisogea hatua moja, kila mwananchi ainuke kwa vidole vya miguu, ashuke, foleni ikisimama, achuchumae na kuinuka. Mwanamke mmoja muuza vitumbua, mwepesi wa kutii, akachuchumaa. Alipoinuka akakuta kijana mwenye kikapu amesimama mbele yake.

"We kaka, hapo ni pangu!"

"Pako wapi, dada? Mimi nimekuta pako wazi."

"Nilichuchumaa, kwa amri ya serikali!"

"Basi waambie serikali wakupe sabuni huko chini ulikokuwa."

Na wale walioinuka kwa vidole, muuzaji wa duka akawashuku kwamba wanachungulia ndani kuona mabaki ya mzigo. Nusura wapigwe. Sabuni ikaisha kabla ugomvi haujaisha. Bwana Utamaduni yeye hakupanga foleni siku ile; sabuni yake aliletewa nyumbani, ofisa bwana. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi zaidi. Alitundika makoti kwenye misumari ya watu, na ukuta wake mwenyewe ulikuwa laini.

Lakini foleni haikuwa kitu. Kitu kilikuwa salamu.

Alipiga hesabu zake nyuma ya mkokoteni wangu akashangilia kama amegundua dhahabu. Watu wa hapa, alisema, wanasalimiana kutwa. Msukuma hawezi kukupita bila kukusalimu, na salamu yake ina ghorofa: ya asubuhi, ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua. Basi kila salamu iambatane na kuchuchumaa mara moja. Wanawake tayari hupiga goti. Kilichobaki ni wanaume kujifunza.

Nikamwambia, "Mzee, hilo acha."

"Kwa nini?"

"Acha tu."

"Nipe sababu."

Mimi sikusoma, sababu za kupanga sina. Nilijua tu, kama unavyojua jiwe litateleza kabla hujalikanyaga. Nikasema, "Kwetu mwili unasema. Ukichuchumaa umesema kitu."

Akasema nina mawazo ya kizamani. Jumapili ile balozi wetu wa nyumba kumi akaita mkutano, akalisoma jambo lile kwa ukali uleule aliosomea habari za kuchimba vyoo. Na amri ilikuwa amri. Watu wakaanza kuchuchumaa.

Palikuwa na mzee mmoja, mlinzi wa kiwanda cha pamba, mtu mnyoofu ambaye balozi akisema jua lisichomoze, yeye angefunga dirisha. Mwanawe alikuwa ameoa karibuni. Asubuhi yake mkamwana akatoka na ndoo, akamwona baba mkwe anarudi lindo. Kwetu mkwe na mkamwana ni watu wa kupishana njia kwa heshima. Binti akaweka ndoo, akapiga goti, akatazama chini kama inavyopasa. "Mwangaluka, baba." Na yule mzee, koti la lindo mwilini na rungu mkononi, akachuchumaa mbele yake.

Fikiria hapo. Mkamwana yuko chini, anasubiri aitikiwe kutoka juu. Anasikia sauti inatoka usawa wa uso wake. Anainua macho, anamkuta baba wa mumewe amechuchumaa, wanatazamana kama watu wawili walioangusha shilingi moja. Binti alipiga yowe. Aliacha ndoo, aliacha kanga ya kichwani, akaenda moja kwa moja kwao Misungwi, akasema nyumba ile baba mkwe amempigia goti, na yeye laana hiyo hawezi kuibeba.

Wazee wakakaa. Bwana Utamaduni akaitwa, akaja na suti yake, akaanza kuwaeleza habari za damu na misuli. Mzee mmoja mwenye jicho bovu akamkata.

"Bwana mkubwa, kwenu Bukoba mkwe humpigia mkamwana magoti?"

"La hasha, wazee wangu. Hayakuwa magoti. Yalikuwa mazoezi ya mapaja."

"Mapaja!" akasema mzee. Akageukia wenzake. "Mmesikia? Amesema yalikuwa mapaja."

Hapo kesi ikawa imekwisha. Alitozwa mbuzi, na balozi akatozwa mwingine. Mbuzi wake alichinjwa palepale ili kusafisha aibu, na mimi nakuapia, aliyekula nyama nyingi kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe. Binti alirudi baada ya wazee kwenda kumwomba radhi. Ofisini kwa Bwana Utamaduni nako wakasikia, wakamwambia mambo ya miili ya watu ayaache, ashughulike na ngoma.

Kesho yake alfajiri nilidhani hatatokea. Magurudumu yalilia, mlango ukafunguka, raba hizi hapa. Tulishuka mpaka karibu na barabara kuu. Kisha akasema, "Wamenibakishia msumari mmoja tu."

Nilikaza visigino. Mlima ulikuwa na utelezi.

Nisije nikaonekana nampamba. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na mbaya zaidi hakujua. Niliwahi kuugua homa siku kadhaa nikalala ndani. Nilipopona mkewe akaniambia mumewe alikuwa akiamka, anavaa raba, anakaa kitini mpaka jua linatoka, anazivua. Nikamwuliza, "Mzee, miguu si unayo?"

"Miguu ninayo. Mlango sina."

"Mlango wa nyumba yako huuoni?"

"Nauona. Siwezi kuupita peke yangu. Wewe hujui jambo hilo kwa sababu wewe njaa inakusukuma. Mimi nimeshiba, kijana. Mtu aliyeshiba hana kinachomsukuma."

Mtu mzima anasema hivyo, mchana kweupe, bila haya! Mimi ningekata ulimi kabla ya kukiri kwamba siwezi kupita mlango wangu mwenyewe.

Na kulikuwa na chai. Kivukoni mama mmoja alikuwa na banda, akipika maandazi makubwa kama ngumi na supu ya samaki, sato wa ziwani. Tukifika tu, mimi napakia, yeye anakaa. Andazi la kwanza lilikuwa la kupumzikia, la pili la kuniangalia nikifanya kazi. Daktari alikuwa amemkataza vitu hivyo vyote. Nikamwambia, "Unachokishusha kwa miguu unakipandisha kwa mdomo." Akasema anajua, ila kutembea bila chai mwishoni ni kama ibada bila amina. Msumari mmoja makoti mawili, akasema, akacheka peke yake.

Hata hivyo alipungua. Kifungo kimoja cha chini kikarudi kazini, kisha kingine. Akapima, akaambiwa sukari imetulia. Alinieleza kwa furaha, kidole kimewekwa palepale kwenye ubao.

Sasa, mtu hanunui gari ili aendelee kusukuma. Hilo nalisema waziwazi. Miaka ya vita ilipopita na mambo kuwa magumu kwa waliokuwa na mishahara, mimi niliyezoea ugumu nikapanda. Nikanunua gari dogo la mizigo, kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Alfajiri ya kwanza nikaliwasha. Bwana Utamaduni akatoka, raba miguuni, akasimama mbele ya taa.

"Mkokoteni uko wapi?"

"Uani. Umepumzika."

"Na mimi?"

Nikamwambia, "Panda."

Akapanda. Hilo ndilo lililonifanya nimdharau kuliko jambo lolote. Alipanda, akakaa mbele, nikamteremsha kivukoni, akanywa chai na maandazi yake, nikamrudisha. Na kesho, na keshokutwa. Kutembea kulikatika, chai ikabaki. Misumari yake ile! Mazoezi yalianguka mara moja kama koti la mvua, maandazi yakaganda ukutani kama picha ya harusi. Nilipoacha kumpitia, alikwisha kunenepa tena. Mwaka uliofuata akaanguka ofisini. Mkewe alinijia nyumbani, macho mekundu, binti wa mwisho amemshika mkono, tayari mtoto wa shule.

"Shemeji, anakuulizia. Eti huo mkokoteni haulii tena?"

"Mwambie nina gari."

Ofisi ikamstaafisha, akapanda meli na familia yake kwenda kwao. Nikajua basi, amekwisha, na wale watoto watalelewa na ndugu. Nilimhesabu kati ya marehemu. Nikaendelea na mambo yangu.

Sasa sikiliza. Miaka michache iliyopita nilikuwa kivukoni, ndani ya gari langu, nasubiri pantoni kwenda Sengerema kwenye shamba. Sishuki garini siku hizi nikisubiri. Miguu imevimba, na daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, ameniambia maneno ambayo nilikwisha kuyasikia zamani kwa mtu mwingine. Nimekaa hivyo, nikaona mkokoteni wa mananasi unapanda kutoka gatini. Anayesukuma ni mwanamume wa makamo. Nyuma yake kizee kimekauka kama mchembe wa kiazi kilichoanikwa, raba nyeupe miguuni, kimeweka kidole kimoja kwenye ubao.

Nilishusha kioo. "Shikamoo, Bwana Utamaduni."

Akasimama, akanitafuta kwa macho. "Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Wa mkokoteni."

"Ah! Msumari!" Akaja mpaka mlangoni, akacheka bila meno. "Mbona umekuwa mimi?"

Nilitaka kupandisha kioo.

Akaanza hadithi zake. Kule kwao alijitundika kwa katekista aliyekwenda kupiga kengele, katekista akafa. Akajitundika kwa ng'ombe wa jirani aliyepelekwa mtoni, ng'ombe akauzwa. Kila msumari ulipong'oka alilala chini, akaugua, akatafuta mwingine. Mabinti wote amewasomesha. Sasa mke amefariki, anakaa kwa yule wa mwisho, mwalimu, hapahapa Mabatini.

"Na huyu wa mananasi?" nikauliza.

Akamwangalia yule mtu akiishilia na mzigo wake. "Mwezi ujao ananunua pikipiki ya magurudumu matatu." Kisha akatazama miguu yangu, akaitazama sana. "Ule wako uliuuza?"

"Uko stoo."

"Usiuuze," akasema, akageuka, akakimbilia mkokoteni wa mananasi kwa zile hatua zake za bata, kidole kimetangulia mbele.

Mtu ambaye maisha yake yote hakusimama kwa miguu yake mwenyewe. Nilisema hivyo kwa sauti, nimekaa ndani ya gari.

Leo nina nyumba mbili Mabatini na moja Usagara kwenye njia panda. Nina malori mawili, moja bovu. Nina mashine ya kusaga. Nina shamba la mananasi Sengerema na ng'ombe wengi kuliko aliochukua baba mdogo. Nina mke mmoja, watoto sita, sukari ya mwilini, na fimbo ambayo siitumii. Nina mkokoteni mmoja, mbao mpya, ekseli ileile. Kila alfajiri, baada ya chai, nausukuma mtupu mpaka barabara kuu na kurudi, maana chombo kikikaa kinaoza. Napitia nyuma ya nyumba ya mwalimu fulani wa kike, kwa kuwa njia ile haina mawe mengi. Na stoo nina kopo kubwa la grisi, jipya, halijafunguliwa.